Siku Tano kati ya Mida na Sabaki: Daftari la Baharia Aliyechelewa

Siku ya kwanza: Mombasa hadi Gede

Mimi ni injinia wa meli mstaafu. Nilipanda meli kwa mara ya kwanza katika bandari ya Kilindini mwaka 1984, nikashuka kwa mara ya mwisho mwaka 2018 nikiwa na umri wa miaka 60, na katikati hapo nimefika Muscat, Bandar Abbas, Karachi, Colombo, Aden, Durban na bandari nyingine ambazo nyingi nazikumbuka kwa harufu ya dizeli kuliko kwa sura yake. Mtu akiniuliza niliona nini huko duniani, humjibu kwamba niliona geji za mafuta. Saa zangu za zamu zilipita chini, kwenye chumba cha injini, na nilipopanda sitahani nilipanda kuvuta pumzi, si kutazama.

Kutazama kulianza barazani kwangu Tudor, baada ya kupasuliwa mtoto wa jicho. Kwenye maua ya haibiskasi ya jirani alikuwa akija kila asubuhi kijidege ambaye kwa miaka kadhaa nilimjua kama doa jeusi linalorukaruka. Siku ya tatu baada ya bandeji kutolewa nilimwona chozi mwenye mgongo wa kijani kinachometa kama shaba iliyosuguliwa na mkanda wa zambarau kifuani, nikakaa pale hadi chai ikapoa. Mjukuu wangu, anayesomea biolojia chuoni, aliponiona hivyo akaninunulia daftari na kunipa sharti moja tu: “Babu, usiandike ndege ambaye hukumwona vizuri.” Ni sharti gumu kuliko linavyosikika.

Leo basi tumeondoka Mombasa kwa matatu baada ya swala ya alfajiri, mimi na yeye, tukiwa na begi moja kila mtu na darubini yangu ya meli, saba kwa hamsini, ambayo imefanywa kwa ajili ya kutafuta boya gizani na uzito wake ni wa jiwe la nanga. Tumevuka daraja la Kilifi kwa dakika moja, mahali ambapo zamani tulisubiri feri huku tukila korosho. Baada ya mji yanaanza mashamba ya mkonge, na hapo mjukuu wangu akanishika goti, akanionyesha keremkerem wekundu waliotua juu ya milingoti ya mkonge iliyotoa maua. Ndege hawa huzaa kaskazini ya hapa, kule kwenye nyanda kavu za chini ya Sahara, kisha hushuka pwani yetu wakati wa kaskazi. Amehesabu tisa. Mimi nilihesabu kumi na moja, lakini wawili kati yao, tulipokaribia, walikuwa vipande vya gunia.

Tumefika Gede kabla ya adhuhuri na tumepitisha mchana kwenye magofu. Nilikuja hapa nikiwa mtoto wa shule, tukapangwa mstari, tukaonyeshwa msikiti mkubwa na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, ambao ni 1399 wa Miladi, na mwalimu akatuambia kwamba watu waliondoka mjini katika karne ya 17. Hakuna aliyetuambia tutazame juu. Leo juu ya kuta za matumbawe, kwenye mibuyu na misufi, walikuwepo hondohondo wakubwa wanaolia kama mtoto mchanga aliyenyimwa ziwa, na chini, kati ya majani makavu, alipita sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, mnyama mwenye ukubwa wa sungura mdogo na pua ndefu inayochezacheza kama kidole. Sange wa aina hii hapatikani duniani ila katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Si ndege, lakini nimemwandika. Daftari ni langu.

Siku ya pili: Mida

Mwezi umeandama siku tatu zilizopita, kwa hiyo leo ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na jambo hili, kwa mara ya kwanza tangu nianze mchezo huu, limenifanya mimi kuwa mwalimu. Mjukuu wangu alitaka twende Mida asubuhi, kwa kuwa vitabu vyote husema ndege hutazamwa asubuhi. Nikamwambia ndege wa pwani hawasomi saa, wanasoma maji. Siku za bamvua maji hupwa saa nne au saa tano asubuhi, na wakati huo hori la Mida huwa uwanja mtupu wa matope wa kilomita na kilomita, na ndege wamesambaa huko mbali kama punje za mchele. Maji yanapoanza kujaa mchana, matope yanapungua, na ndege wanasukumwa taratibu kuelekea ufukweni, mpaka wanasimama mbele yako bila kuwafuata. Tukaenda saa tisa.

Njia ya kuingilia hupita katikati ya mikoko juu ya daraja la mbao lililoning'inizwa, ambalo huendeshwa na wanakijiji wenyewe, na mwisho wake kuna kibanda cha kujifichia. Nilipita nikisoma miti kama mtu anayekutana na jamaa zake: mkoko wenyewe wenye mizizi ya miguu ya kaa, mkandaa, mchu, na mlilana mbele kabisa ukiwa umesimama baharini. Kijana mwongozaji, Mgiriama wa hapo hapo, alinitazama nilivyopepesuka daraja lilipoyumba, akasema, “Shikilia kamba, mzee wangu.” Nikamwambia miaka 34 nimeyumba na sikuanguka. Baada ya hatua tatu nikashikilia kamba.

Kijana huyo alikuwa na darubini ya miguu mitatu, akaielekeza kwenye ulimi wa mchanga uliokuwa ukizama, akanipisha. Niliinama, nikaona kundi la ndege weupe wenye migongo myeusi, warefu wa miguu, wamesimama wote wakiuelekea upepo kama askari kwenye gwaride. Midomo yao haikuwa myembamba kama ya wenzao wa matopeni. Ilikuwa minene na myeusi, mithili ya koleo. Waongozaji wa Mida humwita kwa jina lake la Kiingereza. Mimi katika daftari langu nimemwandika mla-kaa, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Nilimfuata mmoja kwa karibu robo saa. Alitembea hatua tatu, akasimama, akatega kichwa, akakimbia ghafla na kuinuka na kaa mdomoni. Hakummeza. Alimpiga chini, akamng'oa miguu, mmoja huku na mmoja kule, ndipo mwingine wa rangi ya kijivujivu, mkubwa kama yeye, akamjia akiwa ameinamisha shingo na kupiga kelele, na yule wa kwanza akampa kaa.

Nikadhani nimeshuhudia wizi. Mwongozaji akacheka. “Huyo ni mwanawe, mzee. Amezaliwa Uarabuni, amefika hapa kwa mabawa yake mwenyewe, na mpaka leo analishwa.”

Hapo nilikaa chini. Alinieleza yaliyobaki, na usiku huu mjukuu wangu amenithibitishia kitabuni: mla-kaa huzaa kwenye visiwa vya mchanga vya Bahari ya Shamu, Ghuba, na Oman, vikiwemo vile vya karibu na kisiwa cha Masirah, katika miezi ya joto kali kabisa, na hazai juu ya ardhi kama ndege wengine wa ufukweni bali huchimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja jeupe. Joto la mchanga wenyewe humsaidia kulitamia. Kifaranga hukaa shimoni akiletewa chakula na wazazi wote wawili, na msimu ukiisha familia husafiri kuja pwani ya Afrika Mashariki, ambako mzazi huendelea kumlisha kwa miezi.

Masirah naijua. Nimepita ubavuni mwake mara nyingi mno kuzihesabu, tukielekea Muscat au tukitoka, na mwaka mmoja, mwezi wa Juni, tuliwahi kutia nanga karibu yake siku nne tukisubiri kipuri cha jenereta. Kila jioni nilipanda juu na kutazama ule mchanga. Nakumbuka nilichomwambia nahodha siku ya nne: kwamba Mwenyezi Mungu aliumba mahali hapa akasahau kuweka kitu.

Maji yalipofika kwenye mizizi ya mililana, ndege wote waliruka kwa pamoja. Walikuwepo sululu wenye midomo iliyopinda chini, na vitwitwi wa aina nne ambao bado nawachanganya, isipokuwa mmoja mwenye mdomo uliopinda juu, anayekimbia ameinama kama mtu aliyeangusha sarafu. Huyo huzaa kwenye mito ya Urusi. Mjukuu wangu alikuwa akitaja majina haraka kuliko ninavyoweza kuandika. Nimeandika saba tu ambao nina hakika nao. Yeye ana 31.

Siku ya tatu: Msitu wa Arabuko-Sokoke

Tuliingia msituni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Huu ndio msitu mkubwa kuliko yote ya pwani iliyobaki Afrika Mashariki, kama kilomita za mraba 420, na mtu akiupita kwa gari kwenye barabara ya Malindi huona ukuta wa kijani tu usiobadilika. Ukiwa ndani kuna misitu mitatu, kila mmoja na udongo wake. Karibu na barabara ni mchanganyiko wa miti, na humo ndimo ilimokuwa mibambakofi mikubwa, ambayo mingi yake imekwisha kuwa milango, vitanda na mataruma ya majahazi. Katikati, penye mchanga mweupe, ni mirihi, miti iliyoachana inayopitisha jua. Magharibi, penye udongo mwekundu, ni kichaka kilichosongamana ambacho Wagiriama wameupa mti wake mkuu jina la mfunda.

Katika mirihi ndipo nilipopata aibu ya safari hii. Ndege wa msituni husikika kwanza, kisha huonekana, na mimi masikio yangu niliyaacha kwenye chumba cha injini. Wakati tulipoanza kazi hakuna aliyetuvisha vizibo vya masikio. Tulitafuna pamba tukaiingiza. Sauti nyembamba za juu zote zimekwisha. Mwongozaji akasimama, akainua kidole, akasema, “Huyo hapo, chozi wa Amani,” mjukuu wangu akaitikia kwa kichwa, nami nikawa nimesimama kati yao katika kimya kamili, kama mgeni kwenye harusi ya watu wanaozungumza lugha nyingine.

Hawakuniambia nisubiri wala kwamba si kitu. Kijana yule alinisogelea, akaniuliza ninasikia nini. Nikamjibu nasikia mramba, maana sauti ya yule ndege mweusi wa mkia wa panda ni nzito na ya kukwaruza. Akasema basi inatosha, nimfuate mramba. Ndege wa mirihi hutembea kwa kundi la mchanganyiko, aina kumi au zaidi pamoja, wakipekua majani kutafuta wadudu, na mramba huandamana nao akidaka wanaofurushwa na wenziwe. Alipo mramba, wengine hawako mbali. Nikamfuata kwa sikio na kwa darubini yangu ya jiwe, na kwa kweli chini yake na pembeni yake miti ikaanza kusogea: wale wenye nyusi za manyoya wanaogonganisha midomo yao kwa mlio wa mkasi, ambao nao niliwasikia, kisha vijidege vya manjano, kisha juu kabisa, kwenye ncha ya tawi, chozi mdogo kuliko wa barazani kwangu, kichwa cha kijani cheusi na tumbo jeupe kama kanzu. Anaishi hapa na katika misitu michache ya Tanzania, ikiwemo ile ya Usambara Mashariki alikopewa jina. Nilimwona vizuri. Kisha nikakohoa, na mti wote ukawa mtupu.

Mchana tulilala kwenye kivuli. Saa tisa na nusu mwongozaji akatupeleka kwenye udongo mwekundu, akatuacha njiani, akaingia kichakani peke yake kwa magoti, akarudi baada ya nusu saa na miiba kwenye fulana na uso wa mtu aliyeokota pesa. Alituambia tumfuate bila kusema na bila kukanyaga kwa kisigino. Mke wangu alinionya kabla ya kuondoka Mombasa: nikatazame ndege wote nitakao, lakini bundi hapana, kwa sababu bundi ni mkosi na mimi nimeshatolewa jicho moja likarudishwa, nisijaribu bahati. Nilimkumbuka nikiwa natambaa.

Walikuwa wawili, wamekaa bega kwa bega kwenye tawi lililo juu kidogo ya kichwa changu, umbali wa hatua nne. Kila mmoja hakuzidi urefu wa kiganja changu na vidole vyake. Mmoja alikuwa wa kijivu kama gome la mti, mwenzake rangi ya kutu, kwa kuwa bundi hawa huzaliwa kwa rangi tofauti hata wakiwa aina moja. Yule wa kutu alifungua jicho moja, la manjano, akatutazama kama karani wa bandari anavyomtazama mtu aliyekuja saa ya chakula, akalifunga. Manyoya ya kifua yalikuwa yakipanda na kushuka. Hatukukaa dakika mbili, kwa kuwa mwongozaji alisema wakizoea kusumbuliwa wanahama.

Wataalamu walimpata bundi huyu mwaka 1965, mwaka ambao nilikuwa na miaka saba, na wakamwandika rasmi mwaka uliofuata kwa jina la Otus ireneae. Sidhani kama Wagiriama walikuwa wakisubiri kuambiwa kwamba yupo. Zaidi ya msitu huu, anajulikana tu katika misitu ya karibu kaskazini ya Malindi na upande wa Usambara Mashariki, Tanzania.

Tulingoja njiani hadi giza. Kama saa moja kasorobo usiku ukaanza mlio kutoka kichakani, huu-huu-huu, pigo kwa pigo, sawasawa kama vali iliyorekebishwa vyema, na wala si mwembamba. Niliusikia kabla ya mjukuu wangu.

Siku ya nne: Mdomo wa Sabaki

Mto huu huitwa Athi unapotoka bara, kisha Galana, na ukifika kaskazini mwa Malindi unaitwa Sabaki na kuingia baharini ukiwa mwekundu wa udongo wa mashamba ya watu. Mabaharia waliujua kwa rangi: maji ya bahari yakigeuka kahawia wakati nchi kavu bado haionekani vizuri, umekaribia Malindi.

Tulifika saa kumi kwa tuktuk, tukatembea kwenye vilima vya mchanga hadi mdomoni. Viboko walikuwa wakipumua upande wa ndani. Kwenye ndimi za mchanga walikuwepo mwari, heroe wachache, na membe wasiohesabika, ambao waliendelea kuingia kutoka baharini kwa mistari kadiri jua lilivyoshuka. Kati yao walisimama shakwe wenye vichwa vyeusi-kahawia na kola nyeupe shingoni, nami nikawatambua kabla sijaambiwa. Ni wale wale wa Aden. Huzaa kule, kwenye Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden, na wapishi wetu walikuwa wakiwamwagia mabaki ya wali na samaki nyuma ya meli. Mjukuu wangu akasema kwamba huyo hawezi kuhesabiwa kuwa mpya kwangu. Nikamwambia ni mpya, maana kule Aden sikumtazama bali nilimtupia takataka. Tumebishana, na nimemwandika.

Dereva wa tuktuk aliyekuwa ameahidi kuturudia saa kumi na mbili hakurudi, wala simu hakupokea. Tulirudi kwa miguu hadi darajani gizani, mimi nikiwa nimevua viatu vilivyojaa mchanga, darubini ikinipiga kifuani kila hatua.

Siku ya tano: Malindi hadi Tudor

Njiani hakuna cha kuandika. Nililala kuanzia Kilifi hadi Mtwapa, na kunguru wa Bara Hindi walitupokea Mombasa kwa kelele zao za kawaida. Hawa nao ni mabaharia; wamefika bandari nyingi kwa kudandia meli, na nakiri nimewahi kuwalisha mkate wakiwa sitahani kutoka Colombo.

Baada ya chakula cha jioni nilimwomba mjukuu wangu anishushie sanduku la bati lililo juu ya kabati, lenye daftari zangu za kazini. Nilitaka kuona kama katika miaka 34 niliwahi kuandika ndege hata mmoja. Tumesoma hadi saa tano usiku. Kuna halijoto za mafuta, saa za jenereta, madeni ya sigara, na siku alizozaliwa watoto wangu wawili nikiwa sipo. Kisha, katika safari ya kutoka Karachi kurudi Mombasa, tarehe 2 Desemba 1991, kwa mwandiko wangu: “Pampu ya maji ya kupozea inavuja tena. Ndege wadogo wengi wametua kwenye kreni, wana miguu myekundu, wamechoka, hawaogopi watu. Mpishi anataka kuwakaanga. Nimemkataza.”

Mjukuu wangu aliisoma mara mbili, akaenda kuleta kitabu chake. Kuna kozi mdogo wa miguu ya rangi ya chungwa kali ambaye huzaa Siberia na kaskazini ya China, hupitia India, na kila mwaka, mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba, huvuka bahari hii zaidi ya kilomita 2,500 bila pa kutua, akielekea kusini mwa Afrika. Tarehe inakubali, njia inakubali, miguu inakubali.

Nilichukua kalamu ili nimwandike kwenye daftari jipya: kozi wa Amur, 1991. Mjukuu wangu akaweka kiganja juu ya ukurasa. Aliniuliza rangi ya mgongo. Sikumbuki. Aliniuliza kama walikuwa na madoa kifuani. Sikumbuki. Nilichokumbuka ni pampu, na hilo halikumsaidia. Tumekubaliana nimwandike kwa penseli, pamoja na alama ya kuuliza, na mwezi wa Novemba, nikijaaliwa uzima, twende Tsavo wanapopita.